Rekodi Iliyomficha Dick Lane

Katika futiboli ya Kimarekani kuna namba moja ambayo haijaguswa tangu 1952. Mwaka huo Dick Lane, kijana wa miaka 25 ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia ligi ya NFL, alinasa pasi 14 za wapinzani katika msimu wa mechi 12. Baada ya hapo msimu umerefushwa mara tatu: ukawa wa mechi 14 mwaka 1961, wa mechi 16 mwaka 1978, na wa mechi 17 mwaka 2021. Pasi zinazorushwa sasa katika mechi moja ni nyingi kuliko za enzi zile, wachezaji wanatunzwa na madaktari na wataalamu wa lishe, na kila hatua ya mpinzani inachambuliwa kwenye video kabla ya siku ya mechi. Pamoja na yote hayo, hakuna aliyefikisha 14. Ndiyo maana jina la Lane likitajwa, namba hiyo hutangulia, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo hapo. Makala haya yanadai kwamba namba hiyo, ingawa ni ya kweli, imemdhulumu mwenyewe. Inatufanya tumtazame katika msimu ambao hakuna aliyemjua, na inatusahaulisha misimu zaidi ya kumi iliyofuata, ambamo wapinzani walishamjua vizuri na kwa sababu hiyo wakampunguzia nafasi za kuonekana.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji maelezo kidogo ya kazi yenyewe. Timu inayoshambulia ina mrushaji, ambaye wenyewe humwita kwotabeki. Husimama nyuma ya ukuta wa wenzake wenye miili mikubwa na kuurusha mpira kwa mkono kwenda kwa wapokeaji wanaotimka mbele. Beki wa pembeni hupangwa ukingoni mwa uwanja kumkabili mpokeaji mmoja, kwa kawaida yule mwenye kasi. Mzani hauko sawa hata kidogo. Mpokeaji anajua anakokwenda na atakata kona wakati gani, beki hajui. Analazimika kuanza kwa kurudi kinyumenyume, macho yameganda kwenye kiuno cha mwenzake kwa sababu mabega na macho hudanganya, kisha ageuke na kukimbia kwa kasi ile ile ya mtu aliyekuwa akikimbia mbele tangu mwanzo. Akikosea hatua moja, nyuma yake hakuna mtu, au yuko mmoja wa mbali. Akiwahi na kuudaka mpira yeye, timu yake inachukua umiliki papo hapo. Huko ndiko kunasa pasi, na hicho ndicho kitendo ambacho takwimu huhesabu. Pasi ambayo haikurushwa kwa kuwa mrushaji aliangalia upande ule akabadili mawazo, haihesabiwi popote.

Lane alifika katika kazi hiyo kwa njia ambayo isingewezekana siku hizi. Alizaliwa Austin, Texas, na tarehe inayotumika zaidi ni ya Aprili 1927. Akiwa na miezi mitatu hivi alitupwa kwenye pipa la taka. Mjane aliyeitwa Ella Lane alisikia kilio, akadhani ni paka, akasogea na kukuta mtoto mchanga. Alikuwa na watoto wake wa kulea, lakini alimchukua na kumpa jina la ukoo wake. Kijana alisoma katika sekondari ya L.C. Anderson, shule ya watoto weusi katika mji ambao sheria ilitenganisha shule kwa rangi, na huko alicheza katika timu iliyotwaa ubingwa wa jimbo kwa shule za weusi. Baadaye alihamia Council Bluffs, Iowa, alikokuwa akiishi mama yake mzazi. Mwaka 1947 alicheza msimu mmoja katika chuo kidogo cha Scottsbluff, Nebraska, kisha akaingia jeshini, ambako alihudumu hadi 1952 na kucheza katika timu ya kambi ya Fort Ord, California.

Alipotoka jeshini alipata kazi katika kiwanda cha ndege mjini Los Angeles. Kazi ilikuwa kushusha na kupakia mabati yaliyopakwa mafuta, na mafuta yalimchuruzikia kichwani na mwilini kutwa nzima. Ofisi za timu ya Rams zilikuwa katika njia ya basi alilopanda kwenda kazini. Siku moja alishuka, akaingia ofisini bila miadi na kumwonyesha kocha Joe Stydahar daftari alilobandika vipande vya magazeti vya enzi za sekondari, chuo na jeshi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yake ya kazi. Hapa inafaa tuangalie kalenda. Katika utaratibu wa mwaka huo wa kugawana vijana kutoka vyuoni, timu 12 za ligi zilichagua kwa raundi 30, mamia ya majina, na la Lane halikuwamo. Sababu hazikuwa za uwanjani pekee. Kati ya 1934 na 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, ingawa hakukuwa na kanuni iliyoandikwa kukataza. Rams walivunja mwiko huo mwaka 1946 walipohamia Los Angeles na kushinikizwa wawasajili Kenny Washington na Woody Strode. Timu ya mji mkuu, Washington, ilisubiri hadi 1962. Kijana mweusi aliyecheza msimu mmoja tu katika chuo ambacho hakuna aliyekifuatilia hakuwa na pa kuonwa. Mlango alioubisha Lane ulikuwa miongoni mwa michache ambayo ingeweza kufunguliwa.

Jambo ninalotaka msomaji alishike katika simulizi hiyo ni kwamba mtu huyu hakuwa na faili. Hakukuwa na filamu zake ambazo makocha wa timu nyingine wangezitazama, wala ripoti ya mpelelezi wa vipaji, wala mchezaji wa zamani wa chuo chake ambaye angeweza kuwaonya wenzake. Alisajiliwa kwa dola 4,500, na hata Rams wenyewe hawakujua wamenunua nini. Walimjaribu kwanza kama mpokeaji. Nafasi hiyo ilikuwa na wenyewe: Tom Fears, aliyekuwa amedaka pasi 84 mwaka 1950, na Elroy Hirsch, aliyekuwa ametoka kufunga tachidauni 17 kwa pasi, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa lango, katika msimu wa ubingwa wa 1951. Jioni Lane alikwenda chumbani kwa Fears kuelezwa mipango ya mashambulizi, na Fears alipenda kupiga santuri ya Buddy Morrow iitwayo "Night Train". Mwenzao mmoja akaanza kumwita kwa jina la wimbo huo, treni ya usiku, nalo likamganda maisha yake yote. Santuri imesimuliwa mno kuliko masomo yenyewe. Mtu aliyekaa chini ya Fears akifundishwa mpokeaji anakata kona wapi, anamdanganya vipi beki, na mrushaji anaachia mpira katika hatua ya ngapi, ndiye aliyehamishiwa upande wa ulinzi wiki chache baadaye. Aliingia kwenye kazi ya beki akiwa na siri za mpokeaji mkononi.

Msimu wa 1952 ulianza vibaya kwa Rams. Walifungwa 37 kwa 7 na Cleveland Browns katika mechi ya kwanza, Stydahar akaondoka, na Hampton Pool akashika usukani. Baadaye walitengemaa, wakamaliza na ushindi mara 9 na kupoteza mara 3 sawasawa na Detroit Lions, kisha wakapoteza mechi ya kuamua kwa 31 kwa 21. Katika mechi zile 12 Lane alinasa pasi 14, akazirudisha jumla ya yadi 298, mara mbili hadi mstari wa lango. Moja ya safari hizo ilikuwa ya yadi 80. Mtindo wake ulikuwa wa kutegesha. Hakumbana mpokeaji tangu mwanzo, kama mabeki wa miaka ya 1960 walivyokuja kufanya. Alimwachia nafasi, hatua tatu au nne, hata mrushaji akaona mpokeaji yuko huru. Mpira ukishatoka mkononi, zile hatua alizifuta. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi moja, mikono mirefu na mbio ambazo haikuwa rahisi kuzikadiria ukiwa mbali. Mrushaji aliyekuwa hajawahi kumwona hakuwa na sababu ya kuhofia. Mbele yake alimwona mgeni asiye na jina amesimama mbali na mtu wake, na kanuni ya zamani ya mchezo huu inasema mgeni ndiye wa kushambuliwa.

Kwa hiyo zile 14 zinapima vitu viwili kwa pamoja: uhodari wa Lane, na ujinga wa wapinzani kumhusu. Hatuwezi kuvitenganisha tukiuangalia msimu huo peke yake, ila tunaweza tukiangalia iliyofuata. Mwaka 1953, akiwa na Rams wale wale, alinasa 3. Mwaka 1954 aliuzwa kwa Chicago Cardinals akanasa 10, akaongoza ligi. Kisha zikafuata 6, 7, 2, 2 na 3. Mwaka 1960 alihamia Detroit Lions, zikapanda hadi 5 na 6, halafu 4, 5, moja, na mwaka wake wa mwisho, 1965, hakupata hata moja. Jumla ni 68. Anayesoma mfululizo huo kama homa inayopanda na kushuka atasema Lane alikuwa mchezaji wa vipindi. Lakini tazama inapopanda. Inapanda alipoingia ligi, alipohama mara ya kwanza, na kwa kiasi kidogo alipohama mara ya pili. Rams walikuwa katika kundi la magharibi, Cardinals katika kundi la mashariki, na timu zilicheza sehemu kubwa ya mechi zao ndani ya kundi. Kuhama kulimaanisha kukutana na warushaji wengine, ambao walikuwa wamesikia habari zake lakini hawajapambana naye. Walijaribu, wakajifunza, wakaacha. Sidai kwamba maelezo haya yanatosheleza kila mwaka. 1955 na 1956 hazikushuka kama ambavyo hoja yangu ingependa. Ila mwelekeo wenyewe ni vigumu kuuita bahati.

Ushahidi wenye nguvu zaidi hauko kwenye pasi kabisa, uko kwenye orodha za walioalikwa mechi ya nyota ya mwisho wa msimu, Pro Bowl. Lane aliitwa mara saba: kwa misimu ya 1954, 1955, 1956, 1958, 1960, 1961 na 1962. Mwaka wa rekodi haumo. Kijana aliyenasa pasi 14 aliachwa, na mtu mzima aliyenasa 2 mwaka 1958 akaitwa. Tena 1958 alikuwa katika timu dhaifu ya Cardinals iliyoshinda mechi mbili tu, hivyo huwezi kusema alibebwa na umaarufu wa klabu. Wanaopigwa mara kwa mara hawana hata wa kuwarushia pasi nyingi upande wao wa ulinzi: mpinzani akishaongoza, huuficha mpira kwa kukimbia nao ardhini ili saa iishe. Lane wa 1958 alikuwa na nafasi chache za kunasa na bado waliochagua walimwona. Walikuwa watu wa mchezo. Walijua warushaji wao wenyewe walikuwa wanakwepa nini.

Pingamizi la kwanza linalostahili kujibiwa linatoka upande mwingine kabisa. Litasema: usijisumbue kumtetea Lane dhidi ya rekodi yake, kwa sababu rekodi yenyewe ni ya zama za fujo. Warushaji wa miaka ile walikuwa wakirusha mbali na ovyo. Kati ya pasi 100, zaidi ya sita ziliishia mikononi mwa wapinzani, ambapo siku hizi ni mbili na ushei. Na ni kweli. Ongeza hapo kwamba Dan Sandifer wa Washington alinasa 13 mwaka 1948, na Spec Sanders wa New York Yanks akanasa 13 mwaka 1950. Watatu kati ya wanne waliowahi kufikisha 13 au zaidi wamo ndani ya misimu mitano tu. Siwezi kulipinga hilo wala sina haja. Linaisaidia hoja yangu kuliko linavyoidhuru. Ikiwa zama zilimimina pasi za kunaswa kwa kila mtu, basi msimu wa 1952 ndio mahali pabaya zaidi pa kutafutia ubora wa Lane. Sandifer na Sanders walikuwa na neema ile ile ya zama, na hakuna anayewataja katika mazungumzo ya mabeki bora wa karne. Lane anatajwa, kwa hiyo lazima alikuwa na kitu kingine.

Mtu wa nne katika orodha hiyo anafundisha zaidi. Lester Hayes wa Oakland Raiders alinasa 13 mwaka 1980, katika msimu wa mechi 16, na timu yake ikatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata alinasa 3. Lane alitoka 14 kwenda 3. Hayes alitoka 13 kwenda 3. Wapo watakaosema Hayes aliponzwa na kanuni, maana alizoea kujipaka gundi mikononi na gundi hiyo ikapigwa marufuku 1981, na siwezi kusema gundi haikuhusika. Lakini gundi husaidia kushika mpira uliokufikia. Haimlazimishi mrushaji kuurusha kwako. Kuanzia hapo Hayes hakuwahi kupata zaidi ya 4 kwa msimu, na bado aliitwa Pro Bowl kila mwaka kuanzia 1980 hadi 1984, ukiwamo mwaka 1984 aliponasa moja tu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Litasema: ukishakubali kwamba pasi chache zinaweza kuwa dalili ya ubora, umefungua mlango kwa kila beki mvivu. Atasimama pembeni msimu mzima bila kugusa mpira kisha adai kwamba anaogopwa. Kitu ambacho hakikutokea kinathibitisha nini? Hili ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba kukosekana peke yake hakuthibitishi chochote. Panahitajika alama nyingine za kuambatana nako. Mlinzi wa usiku asiyekamata mwizi hata mmoja anaweza kuwa anaogopwa au anaweza kuwa amelala, na ili kujua ni lipi utauliza wezi wameelekea nyumba gani. Kwa Lane tunaweza kuuliza hivyo hivyo. Huko Detroit, upande wa pili wa uwanja alisimama Dick LeBeau, kijana aliyekuwa ameachwa na Cleveland mwaka 1959. Alicheza na Lane misimu sita, na idadi yake ikapanda kutoka 4 mwaka 1960 hadi 7 mwaka 1965. LeBeau alikuwa hodari kwa haki yake, alimaliza na pasi 62 na kuingia katika Jumba la Mashuhuri la Canton, Ohio, mwaka 2010. Lakini beki hanasi pasi isiyokuja kwake, na kwa miaka ile mipira ya wapinzani wa Lions ilikuwa na sababu nzuri ya kwenda upande wa LeBeau. Vince Lombardi, kocha wa Green Bay Packers, aliyekutana na ulinzi huo mara mbili kila msimu, alimtaja Lane kuwa beki wa pembeni bora kuliko wote aliowaona.

Miaka ya karibuni imelipa jambo hili ushahidi ambao enzi za Lane haukukusanywa, kwa kuwa sasa kuna watu wanaohesabu hata pasi zilizoelekezwa kwa kila beki. Nnamdi Asomugha wa Raiders, mtoto wa wazazi wa Kinigeria, alinasa 8 mwaka 2006. Katika misimu iliyobaki Oakland hakupata zaidi ya moja kwa msimu, na ni katika misimu hiyo ya ukame ndipo alipoanza kuitwa Pro Bowl. Darrelle Revis wa New York Jets alimaliza kazi yake na pasi 29, pungufu ya nusu ya za Lane, na mwaka 2023 aliingia Canton katika jaribio la kwanza. Miaka hamsini nyuma namba hiyo ingemzuia mlangoni. Wapiga kura wa leo wameelewa walichokiona waliochagua timu ya 1958 bila msaada wa kompyuta.

Kuna alama nyingine iliyomtofautisha Lane na mnasaji wa kawaida, nayo haipendezi. Alikuwa mkabaji wa kutisha. Wakati mabeki wengine waliwashika wapokeaji miguuni au kiunoni, yeye aliwashika shingoni na kichwani. Alipitisha mkono chini ya kidevu cha mtu aliyekuwa kwenye mbio kamili na kumzungusha hadi chini. Wachezaji waliupa ukabaji huo jina la tai ya Night Train. Mara nyingine alishika vyuma vya mbele vya kofia ya mpinzani na kuvuta. Mwaka 1962 ligi ilikataza kushika vyuma hivyo kwa mchezaji yeyote, na Lane hutajwa miongoni mwa sababu. Ukabaji wa shingo nao baadaye ukaharamishwa. Wako wanaodai kwamba hapo ndipo siri yake yote ilipo, kwamba wapokeaji walimkimbia kwa sababu ya ukatili na si ufundi. Sitautetea ukatili huo. Ulihatarisha shingo za watu waliokuwa kazini kama yeye, na ligi ilichelewa kuuzuia. Ila hoja ya kwamba hofu ndiyo ilikuwa ufundi wake haishikiki kwa tarehe. Marufuku ilikuja 1962. Kwa msimu huo huo aliitwa Pro Bowl, na mwaka 1963 alinasa 5, moja zaidi ya mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 36. Aliyenyang'anywa silaha yake pekee hachezi hivyo. Isitoshe, mwaka 1955 Cardinals walipompa nafasi ya kushambulia dhidi ya Green Bay, alidaka pasi akakimbia nayo hadi tachidauni ya yadi 98. Miguu na mikono hiyo haikuwa ya mbabe asiye na kitu kingine.

Detroit ndiko alikofikia kilele, na inashangaza jinsi alivyopatikana kwa bei ndogo. Cardinals, wakiwa njiani kuhamia St. Louis, walimtoa mwaka 1960 kwa kubadilishana na Gerry Perry, mchezaji wa mstari wa mbele aliyekuwa pia akipiga mikwaju. Nadhani waliomtoa walisoma jedwali: 2, 2, 3, umri miaka 33. Kwa hesabu hiyo walikuwa wanauza gari lililochoka. Lions walipata misimu mitatu ya Pro Bowl mfululizo. Mwaka 1962 ulinzi wao, wenye Alex Karras na Roger Brown mbele, na Lane, LeBeau na Yale Lary nyuma, ulishinda mechi 11 kati ya 14. Siku ya Shukrani waliifunga Green Bay 26 kwa 14 na kumwangusha mrushaji Bart Starr mara 11 kabla hajaachia mpira. Ndiyo mechi pekee ambayo Packers walipoteza mwaka huo. Starr alishikilia mpira kwa muda mrefu kiasi cha kuangushwa mara hizo zote kwa sababu ya nguvu ya akina Karras, bila shaka, lakini mrushaji hushikilia mpira pia anapokosa wa kumrushia.

Yaliyobaki katika kazi yake ni mafupi. Julai 1963 alimwoa mwimbaji Dinah Washington, aliyekuwa kwenye kilele cha umaarufu. Desemba ya mwaka huo huo mwimbaji huyo alifariki nyumbani kwao Detroit kwa kuzidisha vidonge vya usingizi bila kukusudia, akiwa na miaka 39. Mwaka 1964 Lane aliumia goti, na baada ya msimu wa 1965 alistaafu. Hakuwahi kutwaa ubingwa: alifika Rams mwaka mmoja baada ya taji lao, na Detroit miaka mitatu baada ya lile la Lions. Alibaki na Lions akifanya kazi za ofisini, akafundisha vyuoni, akazunguka na mchekeshaji Redd Foxx kama msaidizi wake, na tangu katikati ya miaka ya 1970 akasimamia kwa miaka mingi programu ya michezo ya vijana ya polisi wa Detroit. Mwaka 1969, ligi ilipotimiza miaka 50, waliounda timu ya nusu karne walimpa Lane nafasi ya beki wa pembeni. Mwaka 1974 aliingia Canton. Alifariki Austin tarehe 29 Januari 2002.

Rekodi ya 1952 si ya milele. Ligi inaongeza mechi, na siku moja kijana asiyejulikana, ambaye warushaji wataendelea kumjaribu kwa kuwa hawana habari zake, atanasa pasi 15. Siku hiyo watunza takwimu watalifuta jina la Dick Lane kwenye mstari mmoja wa jedwali, na wale wanaotaka bado kumtaja watalazimika kueleza alifanya nini kati ya 1954 na 1963. Kwa maoni yangu, atakuwa amefaidika.